Mumbere Amekwisha, Kambale Iko Njiani

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeamua. Mchezo wetu hautakuwa mmoja. Utakuwa saba!

Niandike vizuri, maana siku moja wanafunzi watalisoma daftari hili. Mimi ni Mumbere Zacharie, wa mtaa wa Rwambuzi, hapa Bunia. Mkurugenzi Mkuu wa kampuni ya michezo ya simu. Tuko wawili. Mimi natoa mawazo. Plamedi anafanya mengine yote: kuchora, kuandika programu, kutengeneza sauti, kutafuta umeme. Ofisi yetu ni chumba cha nyuma cha atelier ya kushona ya mama mudogo Kanyere. Tunafanya kazi katikati ya sare za shule.

Mchezo ni huu. Motard, dereva wa pikipiki, anatoka kule Kilo. Nyuma ya pikipiki amebeba mama mwenye mimba. Uchungu umeshamshika. Sharti amfikishe maternité ya Bunia, akazalie huko. Kuna matope, ng'ombe, mvua, daraja bovu. Mwaka mmoja na nusu tunautengeneza. Plamedi alifikiri ni mchezo mmoja tu. Maskini!

Nimempa habari asubuhi. Sehemu saba, kila mwaka sehemu moja. Na majina nimeshapata. Siye Wanande tunawapa wavulana majina kwa kufuatana: Mumbere wa kwanza, Kambale wa pili, halafu Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa, Ndungo. Basi sehemu ya kwanza ni Mumbere, ya mwisho ni Ndungo. Mtu akisikia jina anajua ni ya ngapi. Namba za nini? Akili ya namna hii inatoka wapi, hata mimi sijui.

Plamedi aliacha kuchora. Kisha akanikumbusha mashindano ya vijana wabunifu, Jumamosi ya tarehe 20, ndani ya sale, ule ukumbi wa parokia. Anayeshinda anapewa chumba chenye umeme na interneti mwaka mzima. Sharti lao moja: mchezo uwe kamili, uanze na uishe. Akasema amechoka kufanya kazi kati ya vifungo na sindano. Tukipata chumba, anabaki na mimi. Tukikosa, anatafuta kazi nyingine.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Lakini hapa naandika ukweli: Plamedi akienda, mimi sina kitu. Sijui kuandika hata mstari mmoja wa programu. Kuwasha ile kompyuta yake ni yeye aliyenionyesha, mara mbili.

Mama mudogo alisikia yote kupitia pazia. Akauliza ni nani anayempa Ndungo jina wakati hata Mumbere hajazaliwa. Nikavuta pazia. Mambo ya teknolojia.

Jumanne, 9 Septemba

Kazi kubwa leo. Nimejaza daftari la kurasa tisini na sita. Sehemu ya saba peke yake imekula sitini.

Nimegundua kosa letu. Vitu vyote vizuri tumevitia mwanzoni! Nimeviondoa kimoja kimoja. Kuvuka daraja: kuende kwa Kambale. Mvua kubwa: Kasereka. Ng'ombe: Kakule, maana ng'ombe wale ni wazuri mno, haifai kuwatumia hovyo. Maternité na mtoto: Ndungo.

Plamedi aliuliza Mumbere amebakiziwa nini. Nikamwambia: matope. Na hamu! Mchezaji afike kwenye daraja, pikipiki isimame, yatokee maandishi makubwa: KAMBALE ATAENDELEA. Watu watalia.

Akapiga hesabu kwa vidole. Akasema huyo mama atakaa na uchungu miaka saba. Nikamjibu kwamba sanaa si maternité. Akasema mchezo huu ni maternité kabisa. Anapenda kubishana, huyu kijana.

Alhamisi, 11 Septemba

Mumbere amekwisha! Saa nane mchana Plamedi ameweka maandishi ya mwisho. Nimeruka mpaka nikagonga kichwa kwenye chuma cha kutundikia sare.

Nimetoka nje kujivuna. Kumbe ng'ambo ya barabara kuna makelele. Ni kwa Héritier, mwenye sale ya michezo ya televisheni. Mshindani wangu. Naye ametengeneza mchezo wake kwa ajili ya tarehe 20. Mbuzi anaingia sokoni, anakula sombe, majani ya muhogo ya wauzaji, anafukuzwa, anashiba, analala. Basi! Dakika tano! Watu wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Nikamuuliza kwa heshima sehemu ya pili iko wapi. Akasema mbuzi ameshiba. Nikamuuliza hana mpango wa miaka ijayo. Akasema mbuzi amelala, nisimwamshe. Mtu asiye na maono kabisa.

Nimejibu kwa vitendo. Afishi, matangazo ya kubandika ukutani! Nimekwenda kwa mchapishaji na picha yangu ya koti na kravati. Wino wake wa rangi ulikuwa umekwisha, akatoa nyeusi na nyeupe. Imenipa uso wa mtu mkubwa. Maneno akashauri yawe machache, yaonekane kutoka mbali. Sawa. Chini ya picha yangu tumeandika:

MUMBERE AMEKWISHA.
KAMBALE IKO NJIANI.
WATU WA RWAMBUZI, MUJE.

Halafu anwani ya atelier. Afishi kumi na tano. Kesho asubuhi nabandika.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku gani hii!

Nimebandika mpaka sokoni. Watu walisimama, wakasoma, wakashika mdomo. Mama mmoja alinitazama, akatazama afishi, akanitazama tena, akakimbia. Nikafurahi. Umaarufu unaanza hivyo.

Nimerudi saa sita na nusu. Lupango, ua wetu wa nyumba na atelier, imejaa. Viti vya plastiki kila pahali. Kuni zimerundikwa kando ya mlango. Wanaume wamekaa kimya, mikono kwenye mashavu. Ndani, mama Angèle, kiongozi wa kwaya yetu, anaongoza wimbo wa kuaga. Nami nikasimama mlangoni nikijiuliza ni nani amefariki kwa jirani mpaka wamekuja kwetu.

Mama Angèle akaniona. Sauti ikamkatika katikati ya ubeti. Mtu akaanguka na kiti chake. Mwingine akaniambia pole, sijui kwa nini.

Ndipo nikaelewa. Picha nyeusi na nyeupe. Mumbere amekwisha. Na Kambale iko njiani! Wote hapa wanajua ndugu yangu mdogo Kambale anakaa Aru. Walifikiri anakuja kunizika!

Mama mudogo alipata habari ya kifo changu kutoka kwa mteja, akiwa katikati ya kumpima mgongo. Ametoka na futi shingoni, akanikumbatia, akalia, akanishika uso kuhakikisha. Kisha akanichapa na ile futi mpaka nikaingia chini ya meza. Mama huyu amenilea tangu tulipotoka Butembo. Sikuwahi kumwona amelia vile. Nimeona aibu, kweli.

Lakini nikiwa pale chini ya meza nikafikiri: watu arobaini, wamekaa, hawana kazi. Nafasi gani hii!

Nimetoka, nimewaomba radhi, nimewaambia kwa kuwa wamekuja, waone kazi yangu. Plamedi alikataa. Nikamsihi. Tumeweka kompyuta juu ya cherehani na mama Angèle akapewa kucheza. Mwanzoni mambo mazuri sana! Wanaume walisogeza viti. Wakamwonyesha mama Angèle pa kupita, kushoto, kushoto, hapana, huko kuna shimo! Mama mwenye mimba akiguna, wamama wote wanaguna naye. Akafika kwenye daraja. Pikipiki ikasimama. KAMBALE ATAENDELEA.

Mama Angèle alibonyeza, akabonyeza tena. Akauliza huyo mama yuko wapi sasa. Nikasema juu ya pikipiki. Mpaka lini? Mpaka Septemba ijayo. Akauliza kama amekunywa hata maji. Nikafafanua kwamba maternité yenyewe itakuja na Ndungo, mwaka wa saba. Eh! Fujo! Mzee mmoja akasema hata mnyama hafanyiwi hivyo. Mama mwingine akataka kujua bwana wake huyo mama iko wapi, na kwa nini haongei. Wakabeba viti vyao na kuni zao. Walikuwa na hasira kuliko walipofikiri nimekufa.

Plamedi alifuta kioo cha kompyuta kwa kitambaa cha sare, muda mrefu.

Jumamosi, 13 Septemba

Kambale amefika. Kambale wa kweli, ndugu yangu! Mtu alipiga afishi picha, akaituma kwa simu mpaka Aru. Mimi simu yangu ilikuwa imezimika. Amekuja juu ya pikipiki siku nzima, mwekundu kwa vumbi, na mfuko wa mchele wa kilio mgongoni. Aliponikuta nakula maharagwe, akakaa chini katikati ya lupango, akafunika uso na mikono. Nikamkaribisha chakula. Hakunijibu mpaka sahani ya pili.

Baadaye akataka kuona hicho kitu kilichoniua. Plamedi akamwonyesha. Kambale ni declarant, anafanya karatasi za magari ya mizigo kule mpakani. Akauliza matope yale yametengenezwa namna gani. Akauliza kama Plamedi anaweza kufanya programu ndogo ya karatasi zao: gari linaingia, linaandikwa, linatoka. Plamedi akauliza: linatoka siku ileile? Kambale akasema ndiyo, likitoka kazi imekwisha. Plamedi alitabasamu. Sijamwona kutabasamu hivyo tangu mwezi wa sita.

Mwanzoni nilijivunia. Kisha nikaona wanaandikiana namba za simu.

Jumatatu, 15 Septemba

Kambale amerudi Aru. Amemwambia Plamedi mahali pake pa kazi kule pako tayari Jumapili.

Plamedi amekuja kunisemesha uso kwa uso. Kwamba hapendi Aru, hajui mtu kule, lugha za sokoni kule zinamshinda. Kwamba anapenda mchezo wetu kuliko mimi ninavyojua. Anaomba kitu kimoja tu: siku nne aurudishe mchezo kuwa mmoja. Daraja, mvua, ng'ombe, vyote vimeshachorwa, viko ndani ya mashini, mimi ndiye niliyevifungia. Mama afike, mtoto azaliwe. Anasema Jumamosi tutapata kile chumba.

Nikamuuliza: sasa Ndungo atafanya nini?

Akasema Ndungo hayupo, Zacharie.

Neno hilo limeniuma. Ndungo ana kurasa sitini!

Nimepata njia ya kumshika. Nimemwambia kwa siri kwamba ndani ya Kakule, sehemu ya nne, kuna mtu mpya, fundi hodari wa Bunia, jina lake Plamedi. Akauliza huyo fundi anafanya nini. Nikasema atajua mwaka wa nne. Akaniambia yeye si mtu wa kungojeshwa barabarani kama yule mama. Akatoka. Nafikiri ameguswa.

Jumatano, 17 Septemba

Habari njema! Plamedi amekubali! Hakusema, lakini naona. Tangu jana yuko kwenye kompyuta, hata chai hanywi. Leo alikwenda kwa jirani, mama mwenye kitoto cha wiki mbili, na simu yake mkononi. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anarekodi sauti. Nikamuuliza ni ya Kambale? Akasema ni ya mwisho.

Kumbe ameshafika kwa Ndungo! Kijana wa ajabu. Nimemwacha afanye kazi. Mimi naandaa hotuba ya waamuzi. Ina sehemu saba.

Jumamosi, 20 Septemba

Niandike haraka kabla sijajidanganya.

Sale ya parokia ilijaa. Waamuzi watatu mbele, na chupa za maji. Héritier alitangulia na mbuzi wake. Kicheko, makofi, amekaa. Dakika tano.

Zamu yetu. Nimeshika mikro ya kusemea. Hotuba yangu ilikuwa imefika kwa Katembo, sehemu ya tano, mwamuzi mkuu aliponiomba tuone mchezo. Mama Angèle akasimama katikati ya watu akasema atacheza yeye, ana neno lake na yule motard. Wakacheka. Akacheza kwenye simu ya Plamedi, sisi tukitazama kwenye kioo kikubwa cha mbele.

Matope. Shimo. Mama anaguna. Daraja! Nikainua mikono, nikatangaza kwa sauti: Kambale ataendelea!

Pikipiki ikapita.

Nilibaki na mikono juu. Mbao za daraja zikalia chini ya magurudumu, moja ikakatika, sale nzima ikasema yee! Mvua ikaanguka, ile mvua yangu ya mwaka wa tatu! Ng'ombe wangu wakatokea kwenye ukungu, wazuri kuliko nilivyokumbuka. Taa za Bunia kule chini. Mlango wa maternité. Ukafunguka, ukafungwa. Giza. Hakuna kitu kwenye kioo, hata herufi.

Kisha mtoto akalia. Yule wa kwa jirani.

NI MSICHANA. MWISHO.

Wamama walipiga vigelegele mpaka bati zikaitika. Mama Angèle alilia, akamrudishia Plamedi simu kwa mikono miwili. Mama mudogo alikuwa anacheza kati ya viti. Mimi pia machozi yalinitoka, sikatai. Nilimtazama Plamedi, naye akanitazama, akacheka kama mtoto. Nilijua Aru imekwisha. Atabaki.

Waamuzi hawakukawia. Chumba ni chenu, wakasema. Umeme, interneti, mwaka mzima. Mwamuzi mkuu akanipa mikro, nitoe shukrani kwa maneno mawili.

Maneno mawili! Ningesema aksanti sana, ningekaa.

Lakini nilikuwa nimelitazama lile neno MWISHO kwenye kioo, na msichana! Wavulana wangu saba, wote wamefutwa na msichana mmoja! Nikasikia mdomo wangu unawaambia watu wasichanganyikiwe. Kwamba waliyoyaona ni makosa madogo ya fundi. Kwamba Jumatatu tutayaondoa. Mama atarudishwa kwenye daraja. Mtoto atazaliwa mwaka wa saba, kama ilivyopangwa, na atakuwa mvulana.

Nilingoja makofi.

Waamuzi waliinama, vichwa vitatu pamoja. Wakainuka. Mwamuzi mkuu alisema kwa upole sana kwamba sharti lilikuwa mchezo kamili, na kwa kuwa mwenye mchezo mwenyewe anasema haujakamilika, wanamshukuru kwa ukweli wake. Chumba wakampa mbuzi.

Nilipogeuka, Plamedi alikuwa anakunja waya wa kompyuta. Taratibu, kama siku zote. Sikuona hasira usoni mwake. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

Jumapili, 21 Septemba

Amekwenda. Gari la Aru limeondoka saa mbili asubuhi.

Nilifika pale magari yanapopakilia. Nilikuwa na mengi ya kusema. Nikamsaidia kufunga kamba ya mzigo. Nikamwambia Aru kuna vumbi, afunike kompyuta. Akasema sawa. Akanipa flash yenye mchezo, wote, mpaka mwisho. Akasema nifanye ninavyotaka. Dereva akapiga honi. Plamedi akapanda.

Nyumbani nimekaa chumba cha nyuma. Kiti chake kipo. Mama mudogo hakunisema, na hilo ni baya kuliko futi. Aliniletea chai, akauliza tu kama nimemwomba Plamedi msamaha. Nikasema niliongea habari za vumbi. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye cherehani.

Nimemkosea mtu aliyenifanyia kazi mwaka mmoja na nusu. Naliandika hapa wazi. Rafiki mwingine kama yule simpati, wala sitafuti.

Jumanne, 23 Septemba

Nimekosa usingizi kwa kufikiri. Leo nimeelewa. Mama mudogo ana haki. Kuomba msamaha ni lazima, na msamaha wa kweli, wenye uzito, Plamedi anaustahili.

Nimekaa tangu asubuhi na daftari jipya. Ujumbe huu si wa kutuma hovyo mara moja, ukaisha. Hapana. Nimeupanga kwa sehemu tano. Ya kwanza ni salamu na utangulizi. Kosa langu lenyewe nimeliweka kwenye ya nne. Neno msamaha liko kwenye ya tano, karibu na Noeli, likute moyo wake umeshaiva.

Saa kumi nimemtumia ya kwanza. Inaishia pazuri sana: «Plamedi ndugu yangu, kuna kitu sijakuambia hata siku moja, nacho ni hiki:»

Ameisoma palepale. Simu inalia sasa hivi. Ni yeye. Inalia, inakatika, inalia tena. Nimeigeuza kifudifudi juu ya sare. Nikipokea ataniuliza ni kitu gani, na mimi ninajijua, nitamwambia chote, na kitaisha leo leo.